Tundu Mdomoni mwa Mtukufu

Kirrr. Kirrr. Kirrr.

Sauti ilianza kusikika jua likiwa bado halijapanda, ikitoka nyuma ya ukuta wa Shangazi Mize, na mtaa mzima uliisikiliza kabla ya mtu yeyote kuona kitu. Kinyozi Kitwana, ambaye chumba chake kinapakana na ukuta huo, alisema ni panya. Mkewe akamwambia kuwa panya hapumziki kila baada ya kirrr ili apulize unga. Mjumbe wa mtaa, kwa upande wake, aliamua kuwa ni mtambo wa kuchapa maneno mabaya juu ya serikali, akavaa viatu, akaenda kutoa taarifa bila kuhakikisha, kama sheria inavyomtaka.

Haikuwa panya wala mtambo. Alikuwa Pandu, mpwa wa Shangazi na mpiga zumari, kijana mwenye shingo ngumu na ulimi usiomeza kitu, amekaa kwenye kigoda uani, ameshika keekee, anatoboa sarafu ya fedha. Ncha ya keekee ilikuwa imekwishazama mdomoni mwa Mkuu wa Nchi.

Hakufanya hivyo kwa nia mbaya. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye watu wazima wenye vyeo walilipwa posho ili walitafakari.

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwa woga. Ni kwamba jina lake limebadilishwa mara nyingi mno, hata kiwanda cha sarafu siku hizi huacha nafasi wazi. Lisilobadilika ni uso wa Mtukufu Mlezi wa Taifa. Kila mwaka, siku ya Jubilei yake, hutolewa sarafu mpya ya fedha safi yenye uso huo, na uso huo huijaza sarafu yote kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa kuwa kofia ya Mtukufu huchukua nusu nzima ya juu, katikati kabisa ya sarafu huangukia midomo yake. Upande wa nyuma pameandikwa: Si ya kununulia kitu.

Kila nyumba iligawiwa moja, na ndizo walizolipwa pia wanamuziki waliotumbuiza kwenye Jubilei. Pandu alikuwa ameijaribu yake kwa muuza samaki, muuza samaki akaibusu kwa heshima na kumrudishia. Alipofika nyumbani aliitazama, akaitazama na zumari yake, akaona kazi.

Kwa asiyeijua zumari: ni filimbi ya mti inayolia kwa sauti kali, na pale inapoingia mdomoni huwa na kisahani kidogo cha duara chenye tundu katikati, ambacho mpigaji hukiegemezea midomo ili pumzi isivuje. Katika mji huo kisahani hicho kimekuwa kikitengenezwa kwa sarafu ya fedha tangu enzi za wafalme ambao nyuso zao hakuna anayezikumbuka. Cha Pandu kilikuwa cha shaba, cha zamani, kimelika mpaka kinamkata midomo.

Alipomaliza kutoboa alikipachika kisahani kipya, akaisimamisha zumari, akapuliza. Bata wa jirani walinyamaza. Shangazi Mize alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hiyo ndiyo sauti ya mume wangu," alisema. "Rudia."

Zumari ilikuwa ya marehemu mumewe, na Shangazi ndiye aliyekuwa akisimamia masharti yake. Yalikuwa mawili tu. La kwanza, bi harusi wa nyumba hiyo hatoki mlangoni bila zumari hiyo kulia. Yeye mwenyewe alitoka hivyo, na mama mkwe wake kabla yake. La pili, zumari haipigwi msibani. Hata mumewe alipofariki, yeye aliyeipiga maisha yake yote, iliviringishwa ndani ya kanga ikawekwa juu ya kabati mpaka arobaini ikapita. Kupiga zumari kwenye maziko ni kusema umefurahi mtu amekufa, na katika mji ule hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo.

Binti yake, Riziki, alikuwa karibu kuolewa na Chande, mwoka mikate. Alichungulia dirishani na kusema, "Kaka Pandu, utanitoa kwa sauti hiyo hiyo? Usije ukaleta zile zako za kukoroma."

"Nitakutoa mpaka mumeo ajute kwa nini hakuja mapema," Pandu akamjibu.

*

Mwezi huohuo ilizaliwa Mamlaka ya Taifa ya Madaraja ya Sarafu. Mkurugenzi wake, Dakta Msellem Jongo, mzaliwa wa mtaa wa pili tu kutoka kwa Shangazi Mize, alizungumza redioni kwa sauti ya mtu aliyevaa tai mbili.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi taifa letu limekuwa na fedha bila kujua ni fedha ya daraja gani. Aibu iliyoje! Kuanzia leo, kila sarafu ya Mtukufu itachunguzwa na wataalamu wenye glavu nyeupe, itapewa alama kuanzia moja hadi sabini, kisha itafungwa ndani ya kasha la plastiki ngumu lisilofunguliwa milele. Msiiguse fedha yenu. Mkono wa mwananchi ndio adui mkubwa wa fedha. Sarafu iliyofungwa ndiyo sarafu iliyo huru!"

Akaongeza kuwa sarafu yenye daraja la sabini itawaniwa na wakusanyaji wa ng'ambo kwa bei isiyotamkika, na kwa kweli hakuitamka.

Ada ya kupangiwa daraja ilizidi thamani ya fedha iliyomo ndani ya sarafu, lakini wastaafu walipewa kalamu ya bure. Foleni ilizunguka jengo la Mamlaka mpaka ikakutana na mkia wake mwenyewe, na watu wawili wakabishana nani wa kwanza.

Kinyozi Kitwana aliuza kioo chake kikubwa cha ukutani ili apate ada. Tangu siku hiyo aliwanyoa wateja kwa kubahatisha, wakatoka na sharubu za upande mmoja. Sarafu yake iliporudi aliivusha hadi uani kwa Pandu, ameibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Jirani, tazama! Sabini juu ya sabini!"

"Na kabla ya kuipeleka ilikuwa ngapi?"

"Kabla haikuwa na daraja."

"Ilikuwa na mkwaruzo?"

"Mkwaruzo wa nini? Ilitoka kiwandani moja kwa moja."

"Kwa hiyo umelipa uambiwe kuwa kitu kipya ni kipya."

Kitwana akatabasamu kwa huruma. "Wewe hulijui soko, ndugu yangu. Hii anaitaka mkusanyaji wa ng'ambo."

"Mtaani hapa nani amepata chini ya sabini?"

Kitwana akafikiri. "Hakuna."

"Basi mkusanyaji akija atanunua ya nani?"

"Yangu."

"Kwa nini yako?"

"Kwa sababu ni sabini!"

Pandu alichukua lile kasha, akaligonga kwenye jiwe la kufulia. Ko. Kisha akagonga ukingo wa kisahani cha zumari yake kwa ukucha. Nggg, fedha ikalia, na mlio ukakaa hewani mpaka Shangazi Mize akageuza shingo.

"Umesikia?" Pandu akauliza. "Yako wameizika hai. Umetoa kioo chako, Kitwana, kioo kilichokulisha wewe na watoto, ukanunua maoni ya mtu mwenye glavu."

"Kasha linalinda!"

"Linalinda dhidi ya nani?"

"Dhidi ya mkono."

"Mkono wa nani?"

Kitwana aliutazama mkono wake, akaondoka amenuna. Pandu, ambaye hakuwahi kuacha hasira ipotee bure, akamtungia ubeti papo hapo na kumwimbia mgongoni:

Sabini kasha la mwanga, fedha imelala ndani,
Sauti wameifunga, haitoki hadharani,
Umelipia ujinga, umepata kitu gani?
Yangu midomo yaunga, na yaimba mitaani.

Kufikia adhuhuri watoto walikuwa wakiruka kamba kwa ubeti huo. Kufikia Ijumaa ulikuwa umefika sokoni, na kutoka sokoni ukafika mahali ambapo maneno hayapaswi kufika.

*

Mambo sokoni yalikuwa hivi. Kila mtu alikuwa na sabini, kila mtu anauza, hakuna anayenunua. Mamlaka ilitafakari, ikaleta daraja jipya, Sabini na Moja ya Uzalendo, na watu wakarudi kwenye foleni na makasha yao ili yafungwe ndani ya makasha makubwa zaidi. Wiki iliyofuata kila mtu alikuwa na sabini na moja.

Hatimaye, jambo ambalo hata Mamlaka haikulitarajia, mkusanyaji wa kweli kutoka ng'ambo akapiga simu. Alisema sabini anazo za kutosha kufunika sakafu. Je, katika nchi nzima haipo hata sarafu moja iliyo tofauti?

Dakta Msellem aliamuru itafutwe. Haikupatikana. Hapo ndipo mtu mmoja alipokumbuka ubeti wa watoto, na mwingine akafukua taarifa ya mjumbe wa mtaa kuhusu sauti ya kirrr, ambayo ilikuwa ikitumika kuzuia mlango wa ofisi usigongegonge. Wakaelewa. Sarafu pekee yenye thamani katika nchi nzima ilikuwa ile iliyoharibiwa.

Kamati ikaitishwa. Suala lilikuwa zito. Kama tundu lile ni uharibifu, basi raia amemtoboa mdomo Mkuu wa Nchi, na Mamlaka iliyokabidhiwa ulinzi wa sarafu ilikuwa imelala. Wangenyongwa pamoja naye, mwenyekiti akitangulia kwa heshima ya cheo. Kama tundu ni la kiwandani, basi ni johari. Wajumbe walijadili mpaka biriani ikaisha, wakatoka na tamko la pamoja: tundu lilikuwapo tangu mwanzo. Ni toleo adimu. Katika sarafu nyingine zote Mtukufu amefumba mdomo. Katika hii moja, anahutubia.

*

Walifika kwa Shangazi Mize siku moja kabla ya harusi. Ua ulikuwa umejaa wanawake wanaochambua mchele, Riziki amekaa juu ya mkeka ameinua miguu, hina haijakauka. Dakta Msellem aliingia na glavu zake nyeupe na askari wawili.

"Wewe ndiye mtunzaji wa Kinywa?" akamuuliza Pandu.

"Mimi ndiye niliyekitoboa."

"Hukukitoboa. Umekikuta."

"Dakta, nilitumia keekee. Mtaa mzima umesikia."

"Mtaa mzima umesikia panya," alisema Dakta Msellem. "Tumeshawahoji."

Pandu akageuka. Kitwana, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kuchunguza kucha za miguu yake.

"Haya, chukueni sarafu," Pandu akasema, akishika kisahani ili akichomoe. "Nitarudisha cha shaba."

"Usiguse!" Dakta alipiga kelele hata mchele ukamwagika. "Ikichomolewa itakwaruzika. Itafungwa pamoja na hilo bomba lako, jinsi ilivyo."

"Hilo bomba ni zumari. Kesho kuna harusi. Wewe umezaliwa hapo nyuma, Msellem, mama yako alitolewa kwa zumari hii. Unajua."

Dakta Msellem alijua. Ilionekana kwenye uso wake kwa kitambo kifupi, kisha akaifuta kwa leso.

"Kijana, nisikilize kwa makini," alisema. "Tundu hili ni la kiwandani au ni la kwako. Likiwa la kiwandani, utatunukiwa uwanjani siku ya Jubilei. Likiwa la kwako, hutahitaji shingo tena. Amua unalolitaka."

"Mimi nataka zumari yangu."

"Hilo halimo."

Pandu alisogea hatua moja, na askari wakasogea moja. Shangazi Mize akasimama katikati, akajipangusa mikono kwa kanga.

"Chukueni," alisema. "Mtoto huyu ana shingo moja tu."

"Shangazi!"

"Nyamaza, mwanangu. Usinifanye nilie mbele ya watu hawa."

Wakamweka awe mdhamini. Dakta alimfafanulia kwa upole: kasha likivunjwa, atakayefungwa gerezani ni yeye, si Pandu, kwa kuwa wasanii ni mali ya taifa na mali ya taifa haifungwi. Shangazi alitia dole gumba, akalipangusa kwenye ukuta wake mwenyewe, na doa la wino likabaki pale kila mtu alione.

Zumari ikatoka nje juu ya mto wa mahameli. Riziki aliitazama ikipita.

"Kaka Pandu," alisema, "uliniahidi."

*

Siku ya harusi Chande alikuja na jamaa zake, ngoma zikapigwa, ndoa ikafungishwa, wanawake wakamwendea bi harusi wamtoe. Riziki akasema hatoki.

"Mwanangu, mume yuko mlangoni," shangazi zake wakambembeleza.

"Akae. Mama alitolewa na zumari, bibi alitolewa na zumari. Mimi nitoke kimyakimya kama mtu aliyeiba? Sitoki."

Chande hakugomba. Alikaa barazani, na kila asubuhi akaleta mikate ya mofa ingali moto, akaipitisha dirishani, akarudi kukaa. Pandu alipopita mbele yake hakuweza kumtazama usoni. Alikuwa ameanza kula bila kuongea, na usiku alipumua kwa kupiga mluzi, kama kwamba pumzi ilikuwa ikitafuta njia yake ya zamani.

Huku nyuma, habari za bei ambayo mkusanyaji aliitajia sarafu yenye tundu zilienea, na nchi nzima ikavunja makasha. Kila nyumba ikatoa sauti. Kirrr kwa mwalimu, kirrr kwa hakimu, kirrr kwenye nyumba za mapadri na za masheikh. Mafundi wakakodisha keekee kwa saa. Taifa zima lilimtoboa mdomo Mtukufu kwa upendo. Mamlaka ikafungua dirisha jipya la kupanga madaraja ya matundu, na ndani ya muda mfupi kila mtu alikuwa na tundu la sabini, na mkusanyaji akaacha kupokea simu.

Kitwana, aliyekuwa hana tena kioo na amezoea kubahatisha, alitoboa mahali pasipo pake. Keekee ilipita jichoni. Walimchukua siku hiyohiyo kwa kosa la kumpofusha Mkuu wa Nchi. Mkewe alikwenda kituoni na kasha tupu lenye namba sabini, akauliza kama linaweza kumsaidia. Wakamwambia lina mkwaruzo.

Pandu alimfuata mke huyo, akamwekea chakula mlangoni, akarudi nyumbani. Tangu hapo hakutunga tena ubeti wa kumcheka jirani. Hasira yake yote ilihamia juu zaidi.

*

Jubilei nyingine ikafika. Uwanja ulijaa, maana mahudhurio yalihesabiwa. Shangazi Mize aliketishwa jukwaani kati ya askari wawili, kwa heshima ya mdhamini. Mtukufu Mlezi alikaa chini ya mwavuli, mzee sasa, midomo ikitikisika hata alipokuwa hasemi. Zumari ililetwa ndani ya kasha refu la plastiki, imepigwa muhuri: Sabini na Moja, Kinywa Wazi.

Baada ya hotuba na hotuba za kushukuru kwa hotuba, mshereheshaji akasoma ratiba. "Sasa ni wakati wa zumari."

Ratiba ilikuwa imepitishwa na Ikulu, haivunjwi. Kasha nalo limepitishwa na Mamlaka, halivunjwi. Dakta Msellem alimsogelea Pandu, glavu zimelowa jasho.

"Piga," alinong'ona.

"Nipige nini?"

"Piga hivyohivyo."

Pandu alimtazama Shangazi. Shangazi alitikisa kichwa kidogo sana: usivunje. Basi akainua kasha, akaweka midomo kwenye plastiki, akapuliza. Hapakutoka kitu. Alipuliza hadi mishipa ya shingo ikasimama, na uwanja mzima ukasikiliza kimya chake. Mtangazaji wa redio aliwaambia wasikilizaji kuwa ni wimbo wa kisasa, mtulivu, wenye ujumbe.

Mtukufu alipiga makofi. Basi wote wakapiga.

"Mleteni karibu," akaagiza. Pandu akaletwa. "Kijana, umenigusa. Mimi nimelelewa kambini. Tulipomzika kamanda wetu tarumbeta ilipigwa kaburini, nikalia kama mtoto. Tangu siku hiyo najiuliza, sisi hatuna ala yetu wenyewe ya kumpa mtu heshima ya namna ile?"

Waziri wa Utamaduni akatazama viatu vyake. Dakta Msellem akafungua mdomo, akakumbuka anayezungumza naye ni nani, akaufumba. Hapakuwa na mtu jukwaani asiyejua jibu, wala mtu aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia Mtukufu kuwa kuna jambo halijui.

"Ipo, Mtukufu," Pandu akasema. "Ni hii."

"Hii? Na wewe utanipigia siku yangu?"

"Nitakupigia."

Mahali fulani kwenye majukwaa ya nyuma mwanamke mmoja alishtuka akacheka, akaziba mdomo kwa kanga. Mtukufu alikuwa na machozi.

"Msellem! Siku hiyo kasha lifunguliwe, na huyu mama asiguswe. Ni amri, iandikwe. Na wewe kijana, unataka nini kingine?"

"Nina binamu yangu, bi harusi, anasubiri zumari ndipo atoke. Naomba atoke siku hiyohiyo."

"Harusi siku ya maziko yangu!" Mtukufu akaguswa zaidi. "Wananchi wanavyonipenda! Imekubaliwa. Sasa sema tena kwenye kipaza sauti, redio yote isikie. Sema kwa nguvu."

Dakta Msellem alimkabidhi Pandu kipaza sauti. Shangazi Mize, kati ya askari wake wawili, alikuwa ameinua kidevu. Pandu akaweka kasha chini ya kwapa, akamtazama yule mzee machoni.

"Mtukufu, nakuahidi mbele ya watu wote hawa. Siku utakayobebwa kwenda kaburini, nitalivunja kasha hili kwa mikono yangu miwili, nitakupigia zumari kutoka mlangoni kwako mpaka shimoni, na nyuma yangu Riziki atakuwa anatoka na hina yake. Sitachelewa. Na sarafu sitaki."